Taa ya Chumbani kwa Mama Yako

Binti yangu mpendwa,

Kuna jambo kuhusu taa ya chumbani kwa mama yako ambalo nimekuficha miaka mingi, na kifua hiki hakinipi tena nafasi ya kuendelea kulificha. Kabla ya hilo, hujambo? Mimi wodini naendelea hivyo hivyo. Pumzi ni za kuazima, ingawa muuguzi anasema ulimi wangu ndio pekee usioumwa.

Jana mama yako alipokuja kunitazama, alinieleza kwamba umekataa kazi ya ng'ambo. Amesema unaogopa siku fupi za kipupwe zinakaribia, na kwamba bila wewe yeye ataanguka tena kwa huzuni.

Unajua kazi yangu ilikuwa panya, hata mama yako akaniita Bwana Panya mbele ya wageni. Chumba kimoja cha maabara taa iliwaka muda mrefu, kingine muda mfupi, kisha tukachunguza bongo zao. Ndani ya ubongo, juu ya pale mishipa ya macho inapokutana, kuna kifundo kidogo cha seli, na kila seli ina saa yake. Siku zikiwa fupi, seli hizo huamka karibu pamoja, kama wafanyakazi wanaobanana getini. Siku zikirefuka, huamka kwa kupishana. Hivyo ndivyo mwili unavyoujua msimu. Sisi watu nasi tunacho kifundo hicho.

Unakumbuka misimu ile ya kipupwe mama yako alipogeukia ukutani, chai ikapoa pembeni yake. Uliacha masomo ukarudi, naye akainuka. Majirani wakasema mwana ni dawa, nami nikaitikia. Lakini juma lile lile nilikuwa nimefunga taa kali juu ya kitanda, inayojiwasha kabla ya alfajiri, ili ubongo wake udhani siku bado ni ndefu. Aliniuliza kama nataka atage, maana hivyo ndivyo wanavyofanyiwa kuku. Nikamwambia ni taa yangu ya kusomea.

Mwanafunzi yeyote angeniuliza: umebadilisha mambo mawili kwa pamoja, utajuaje lipi limeponya? Wewe hukuuliza, kwa kuwa hukujua kuna la pili.

Basi kazi ile ikubali, mwanangu. Taa msiizime, balbu za akiba ziko juu ya kabati langu. Mama yako msalimie sana, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu akutangulie huko uendako.

Limebaki moja. Baadaye, mwaka ulipokwenda mafunzoni, nilikuandikia kwamba mama yako ameanguka tena, uje haraka. Hakuwa ameanguka. Taa ilikuwa ikiwaka, naye alikuwa jikoni akiimba. Ulipofika akakuambia haumwi popote, nami nikakukonyeza kwamba anajikaza tu. Ukashukuru kwamba umewahi. Aliyeshindwa kukaa bila wewe nilikuwa mimi.

Baba yako