Kiti Katika Kikao cha Kusimama

Maskati, 9 Januari 2025

Mwanangu Ahlam,

Leo imetimia miaka thelathini na moja tangu niondoke Tabata na kumwachia ndugu yangu, marehemu baba yako, kampuni yetu ya kusambaza maziwa. Natumai u mzima, na magoti ya mama yako yamepata nafuu. Mimi afya ipo, ila baridi ya mwezi huu inaniingia mifupani.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema umewagawa wafanyakazi katika vikundi vidogo, kila kikundi kinajipangia kazi, na asubuhi mnafanya kikao mmesimama. Na meza ya meneja umeitoa! Mwanangu, meneja asiye na meza atajulikanaje? Nimesoma vitabu kadhaa vinavyosifu mtindo huo. Nadhani waliovitunga hawajawahi kuharibikiwa na maziwa.

Baada ya Idi nitarudi nyumbani kabisa, nishike kazi. Kwa sasa niunganishe kwa simu kwenye hicho kikao chenu, niwaone.

Ami yako,
Sultan

Tabata, 14 Januari 2025

Shikamoo Ami,

Sie hatujambo. Magoti ya mama sasa yanapanda ngazi. Anakusalimu, na chumba chako keshakipaka rangi.

Meza niliitoa kwa sababu kila jambo lilikuwa linakwama hapo. Duka la Buguruni linataka mtindi zaidi, gari lipo, mtindi upo, lakini dereva ananisubiri mie nitoke benki ndiyo niseme ndiyo. Siku hizi Elibariki wa chumba cha baridi, Demetria anayepokea oda na dereva wao wanaamua wenyewe. Asubuhi kila mtu anataja kilichomkwamisha. Wanachokiweza wanakimaliza, wasichokiweza ndiyo kazi yangu: kumtafuta fundi, kufuatilia kibali, kumtuliza yule mteja mkali wa Kawe. Demetria ananitania mbele ya watu: "Bosi wetu kawa fundi bomba, anazibua tu!" Sikasiriki, Ami. Ndicho cheo changu.

Karibu kikaoni. Nakuomba tu uje kusikiliza.

Mwanao,
Ahlam

Maskati, 3 Februari 2025

Mwanangu Ahlam,

Natumai nyote wazima. Mimi sijambo, na kikao chenu kimenipendeza kuliko nilivyotarajia.

Siku ya kwanza, Elibariki alipoona umeishika simu mkononi, alikwenda kuleta kiti. "Mzee hasimamishwi," alisema, akaiegemeza simu kitini, mbele ya wote. Nilifurahi. Huko kwao Upareni bado wanalea watoto. Sasa kila asubuhi wananipa shikamoo mmoja mmoja kabla ya lolote.

Najua uliniomba nisikilize tu. Nilisema neno moja: anayeleta tatizo alete na jina la aliyelisababisha. Tangu siku ile, hakuna matatizo. Huyu "Kwangu shwari, mzee," yule "Shwari, mzee." Umeona? Watu wanataka kujua kwamba wanatazamwa.

Tiketi nimeshakata.

Ami yako,
Sultan

Tabata, 27 Februari 2025

Shikamoo Ami,

Mama mzima, mie mzima. Barua hii imechelewa kwa sababu ya aibu.

Mtambo wa chumba cha baridi ulizima kama ulivyosikia. Maziwa yalichacha, na mengine yalishafika kwa wateja kabla hatujajua. Chekechea ya jirani ilikuwa karibu kuwapa watoto. Mwalimu aliyaonja kwanza, Mungu akatunusuru. Wewe ukaandika kwenye kundi la simu kwamba Elibariki afukuzwe. Sikumfukuza. Aliusoma ujumbe wako, akakabidhi funguo, akaenda zake.

Demetria ndiye aliyenieleza. Mtambo ulikuwa unakoroma wiki nzima, na Elibariki alikuwa akimwambia yeye pembeni: "Nitaanzaje, sista? Mzee wa watu kakaa kitini, mie nimletee mkosi? Halafu nitaje jina la nani, langu? Na nikimnong'oneza Ahlam, si atamwambia ami yake?"

Sikulaumu, Ami. Ule ukimya niliuona. Wewe uliufurahia, mie uliniogopesha, na bado kiti sikukitoa. Kazi yangu ni kuhakikisha mtu anaweza kusema, nami nilikuonea haya nikaiacha.

Chekechea wametuhama. Wateja tutatafuta wengine. Ninayemtaka arudi ni Elibariki, na simu zangu hapokei.

Mwanao,
Ahlam

Maskati, 6 Machi 2025

Mwanangu Ahlam,

Nawatakia Ramadhani yenye heri. Mwili wangu mzima. Moyo ndio mgonjwa.

Jana alasiri nilimpigia Elibariki. Yangu aliipokea. Akasema shikamoo kama kawaida, na kabla sijafungua mdomo akaanza yeye: "Mzee, nisamehe. Nimekuangusha."

Nilikuwa nimeketi, nikasimama. Nilitafuta pa kujificha ndani ya chumba changu mwenyewe.

"Si wewe," nilimwambia. "Mimi ndiye niliyewaziba midomo." Nikamwomba aniambie sasa alichotaka kusema wiki ile.

"Mtambo ulikuwa unakoroma, mzee, kama mbuzi mwenye kifua. Hata fundi nilishamjua, ila alitaka kwanza kuongea na bosi."

"Na Ahlam angemleta lini?"

"Siku ileile, mzee."

Nikamuuliza kama atarudi kazini. Alicheka kwa haya. "Nitarudi. Ila kile kiti, mzee, usinielewe vibaya. Nilikileta mwenyewe, siwezi kukitoa mwenyewe."

Basi kitoe wewe, umpe mlinzi wa getini. Na mimi nitoe kwenye kundi la simu.

Maisha yangu yote niliamini meneja ni yule ambaye akiingia, watu hunyamaza. Naona aibu kulijua kosa hilo katika umri huu, kwa hasara yenu na kwa samahani ya mtu niliyemkosea mimi. Nikija, hata nikisimama katikati yenu, kuna mtu atakwenda kunitafutia kiti. Ndivyo walivyolelewa, na ni malezi mema. Lakini mtambo utakoroma tena, na wao watasema shwari.

Mshukuru mama kwa rangi. Sikumuuliza hata ni rangi gani. Mwambie akipangishe kile chumba.

Tiketi nimeirudisha. Sitarudi.

Ami yako,
Sultan