Kondishena ya Kulala Nayo

Jumatatu, 4 Machi

Nywele zimetoka tena. Leo si kwenye kitana tu, hata kwenye mto! Nilizikusanya, nikazifunga kwenye karatasi, nikazizika chini kabisa ya pipa la taka kama mwizi. Shangazi alipoamka nilishafunga kitambaa. Saluni ni yake, lakini picha ya mlangoni ni yangu: nywele zangu, zimeujaza mgongo mzima. Kila siku ananitania kwamba kichwa changu ndicho kinachotulisha. Leo sikucheka.

Jumatano, 6 Machi

Sielewi! Nani anatunza nywele kunishinda? Kila usiku napaka kondishena ya Shangazi, navaa kofia ya plastiki, nalala nayo. Ndiyo sheria ya saluni hii. Shangazi anasema dawa isiyolala na nywele imepita kuzisalimia tu. Anainunua kwa madumu, tunaimimina kwenye makopo yetu meupe, tunabandika jina lake. Labda mimi napaka kidogo mno. Leo naongeza.

Alhamisi, 7 Machi

Jamani. Nyuma ya sikio nywele zimekatikia shinani, naona ngozi. Pana ukubwa wa kifuniko cha soda. Siachi kupagusa.

Kasuku, msusi mwenzangu ambaye mdomo wake haujui likizo, kaniuliza mbona vitambaa kila siku, nimeolewa kisirisiri? Nikacheka kwa nguvu mno. Naogopa. Naogopa maradhi. Naogopa Shangazi kuliko maradhi, na hajawahi hata kunipandishia sauti. Ndiye aliyenilea. Watoto wake ni wawili tu: mimi na hii saluni.

Ijumaa, 8 Machi

Nimejua. Heri nisingejua.

Muuzaji kaleta dumu jipya, Shangazi katoka. Nikamzunguka muuzaji kwa maneno — eti kuna mteja nywele zinamkatika, achague kondishena gani? Akauliza anatumia ipi. Nikaonyesha dumu. Akashtuka. Hiyo ni ya protini, akasema, ya kuzipa nguvu nywele zilizochoka. Unaiacha dakika chache, unasuuza, tena mara moja moja. Ukizidisha, nywele zinakauka kama vijiti. Ya kutumia kila mara ni ile ya kuzipa unyevu. Akanifundisha kupima: lowesha unywele mmoja, uvute taratibu. Ukinyumbuka kidogo ukarudi, mzima. Ukikatika papo hapo, protini imezidi.

"Kwani dada, hamsomi kwenye dumu?"

Kwenye dumu! Sisi tunasoma jina la Shangazi.

Nikaenda bafuni nikalowesha, nikavuta. Tak. Nikavuta mwingine. Tak. Wanasema mganga hajigangi. Mimi nimejiganga mpaka nimejiumiza.

Na wateja wetu je? Wangapi saa hizi wanavaa kofia za plastiki waende kulala?

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwambia. Asubuhi, kabla hatujafungua mlango. Nilijikaza kisabuni, nikavua kitambaa mbele yake. Akavuta unywele mmoja, ukakatika, akabaki anautazama kiganjani. Nikamweleza yote: protini, dumu, kulala nayo. Akatupia jicho mlangoni, akanisogelea. Nilidhani atanikumbatia.

"Funga kitambaa, mwanangu. Funga vizuri. Na huyo Kasuku asijue."

Anaogopa kunishinda mimi. Hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Siku zote nilikuwa nikiogopa nikijua kuna mmoja nyumbani asiyeogopa.

Mchana kaingia Mwalimu, mteja wetu wa siku zote, na bintiye. Mtoto ana nywele! Nyingi, laini, hazijawahi kuonja dawa yoyote. Wamekuja kumchagulia kondishena. Mwalimu kaonyesha picha ya mlangoni, anataka za mwanawe ziwe vile. Shangazi akasimama mbele ya rafu. Akasimama sana. Kopo la kondishena ya unyevu, ambayo tunaiuza pia, lilikuwa pale pale, kando ya mkono wake. Nikaomba moyoni. Akachukua lile lingine, la protini. Akamkabidhi mtoto alishike mwenyewe.

Nimekimbilia huku nyuma ya pazia, nimesingizia nafuata taulo. Naandika ili mikono ipate kazi. Wananiita. Mwalimu anataka kusikia kwangu, mimi mwenye nywele: mtoto alale nayo, au asuuze? Shangazi hajamjibu. Kasuku anapayuka, "Wee, taulo zenyewe unazifuma?" Mtoto anacheka.

Shangazi peke yake ndiye haniiti. Naiona miguu yake chini ya pazia. Haiji, haiondoki. Akiniomba ninyamaze nitanyamaza, najijua, na ndiyo maana nasali asifungue mdomo.

Kitambaa nimeshakivua. Kiko mapajani. Mwalimu anauliza tena —