Slabu ya Tadeo

Mama Efrazia na watoto,

Choo cha zamani msikitumie, nimekiziba kwa miiba. Mti mmoja wa sakafu umeoza, na Jumatatu nusura Bibi atumbukie. Kwa sasa tumieni cha jirani yetu Tadeo, fundi wa saruji. Nimeshamwomba.

~~Nimeamua tununue lile sinki la kukalia la nyumba ya meneja wa shamba la ngano.~~ Hapana. Lile linameza ndoo nzima ya maji kila mara, na ndoo mnabeba ninyi. Wenye shamba walivuta bomba mpaka bafuni mwaka uleule walipolima malisho yetu. Sijasahau.

Asubuhi mlipokwenda kupalilia, nilimpeleka Bibi kwa Tadeo. Slabu yake, yaani bamba la sakafu ya choo, ni saruji bila nondo, unene wa vidole viwili, imeinuka katikati kama mgongo wa kobe. Nikamwambia ananidanganya kama walivyonidanganya wote wa shamba lile. Akailaza juu ya mawe, akaita majirani. Wakapanda sita, wamekumbatiana! Haikulia hata kidogo. Mimi mwenye maneno nikainama kutafuta ufa. Bibi akapanda wa saba, akaigonga kwa fimbo, akaniambia: "Margwe, leo umenyamaza? Basi hii ni imara kweli."

Nimekwenda kuazima mkokoteni wa kuileta. Efrazia, mpikie Bibi chai, maziwa mengi. Siku tatu alikuwa hanywi kitu, nami nikidhani ana homa. Kumbe alikuwa anaogopa kwenda choo. Leo ameiomba mwenyewe.

Baba