Baba Anasema Huyu Si Tai Wake

Shangazi mshauri, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimesimama jikoni, karatasi nimeiweka juu ya friji, maana siku hizi nikikaa miguu haitulii na nikilala macho yanakataa, na nisipoyatoa haya kwa mtu asiyenijua nitayatoa kwa mtu asiyefaa, kwa hiyo naomba unisikilize mpaka mwisho hata kama utanigombeza.

Mimi ni fundi wa meno bandia, mwanamke mtu mzima, ndoa nilishaitoa kwenye hesabu zangu. Baba yangu alikuwa mshonaji wa kofia za sare, za walinzi, za madereva, za bendi, na alipostaafu akaanza kukusanya kofia za zamani za jeshi la Wajerumani, za enzi za wafalme wao, si kwa kuwapenda waliozivaa, yeye husema vichwa vile havimhusu, bali kwa kupenda mshono na nembo. Ukikaa naye kidogo tu atakueleza kwamba tai ni wa ufalme huu, simba wawili walioshika ngao ni wa ufalme ule, nyota ni ya wengine, na vile viduara vya rangi vya pembeni, kimoja ni cha dola nzima na kingine ni cha kwao mwenye kofia. Sisi watoto tulikuwa tunaitikia "ndiyo baba" huku tunatazama mlango. Mimi zile kofia nilizijua kama mtu anavyojua mapazia ya kwao, yaani nilijua zipo.

Sasa akaja fundi miwani mmoja mwenye duka mtaa wa pili, naye mkusanyaji, alisikia habari za baba akaja kuziona kofia, akanikuta mimi. Shangazi, ni mtu mpole, ana maneno mazuri, na ndiye aliyenifundisha kuzitazama kofia zile kwa lenzi na kuzilinganisha, huyu tai mbawa zake zimenyooka ni wa zamani zaidi, yule mbawa zimejikunja ni wa baadaye, na mimi ambaye kazi yangu ni kulinganisha jino na jino nikajikuta nimenogewa. Ana msemo wake, kwamba tai asiye wa kofia ile ni sawa na meno ya mtu mwingine mdomoni, na kila akiusema ananitazama mimi anacheka. Haikupita muda akanichumbia, nikakubali.

Katika kofia zote baba anaipenda moja kuliko nyingine, ya ngozi nyeusi, ina mwiba wa shaba juu na tai mkubwa mbele. Bitana yake ilikuwa imeachia, mchumba wangu akajitolea kuipeleka dukani kwake aishone, baba akakubali kwa shingo upande. Ilirudi inang'aa. Tulikuwa sote mezani, baba akaishika, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Huyu si tai wangu."

Kaka mkubwa akamwambia, "Baba, amesafishwa tu."

"Tai wangu ncha ya bawa la kushoto imekatika. Huyu mzima."

"Si ndiyo kazi ya kusafisha, baba?"

"Kusafisha huondoa weusi," baba akasema. "Hakurudishi bawa."

Tukacheka, Shangazi, na mimi nilicheka. Mchumba wangu akaweka kikombe chake mezani taratibu akasema, "Ni umri, mzee wetu. Sote tunaelekea huko."

Kuanzia siku ile kaka mkubwa akawa hana neno jingine. Baba akisahau miwani, ni kichwa hicho. Baba akimwita mjukuu kwa jina la mjukuu mwingine, kitu ambacho hata mama alikuwa anafanya tangu ujana wake, ni kichwa hicho. Sasa kaka zangu wameamua Jumamosi hii wakae kikao, baba ahamishiwe chumba cha nyuma kwa kaka, nyumba yake ifungwe, kofia zigawanywe kwa yeyote anayezitaka, na unajua mwenyewe nani anazitaka. Jumapili wazee wa mchumba wangu wanakuja kupanga ndoa. Yaani Jumamosi baba anatolewa kwake, Jumapili mimi natolewa kwetu.

Lakini kinachonimaliza si kikao, ni baba mwenyewe. Zamani akibishiwa alikuwa anapandisha sauti. Wiki iliyopita nilimkuta ameipakata ile kofia, kidole kiko kwenye bawa, akaniambia kwa sauti ndogo, "Labda ni kweli, mwanangu. Labda halikuwahi kukatika." Na tangu hapo ameanza kuuliza hata yale anayoyajua. Ananiuliza kama ameshakunywa chai na kikombe kiko mkononi mwake. Baba yangu, mtu aliyekuwa akikutazama kichwa mlangoni na kukutajia kofia inayokutosha, sasa hauamini mkono wake mwenyewe.

Nifike penyewe. Majuzi niliichukua kofia ya baba nikaipeleka dukani kwa mchumba wangu, nilitaka kulinganisha mshono wake na wa kofia yake yeye, maana anayo inayofanana nayo, ameiweka kabatini chumba cha nyuma. Alikuwa mbele na mteja anampima macho. Siku zote huniambia nisimfungue tai wa kofia ya baba, ngozi imechoka itapasuka, lakini mikono yangu kazi yake ni kufungua vitu na nati zilikuwa zimelegea, nikashusha bitana, nikamfungua. Shangazi, tai akikaa mahali pamoja miaka mingi ngozi iliyo chini yake haipati jua wala vumbi, inabaki nyeusi inayong'aa, inaacha kivuli chake. Kivuli nilichokikuta ni cha tai mwingine. Mbawa zimenyooka, na bawa la kushoto limeishia kabla ya ncha. Pembeni ya matundu ya zamani kuna matundu mengine mawili mapya, ngozi yake bado imepauka.

Nikafungua kabati. Tai wa kwenye kofia yake, ambaye nimemwona mara nyingi na nikamsifia, ana mbawa zilizonyooka na ncha ya kushoto imekatika, aliniambia alimpata kwa mtu wa mbali. Nikamfungua na huyo nikamweka juu ya kivuli. Alikaa, Shangazi, alikaa mpaka kwenye matundu. Na kule mbele namsikia mchumba wangu anamwambia mteja, "Soma mstari wa chini. Usikisie, sema unachokiona."

Nikawarudisha wote kama walivyokuwa, nikatoka, nikamwambia kichwa kinaniuma. Tangu siku hiyo sifanyi kazi ikakamilika. Juzi nimempangia mama wa watu meno ya mbele, la kulia kushoto na la kushoto kulia, akajitazama kwenye kioo akaniuliza kama nina matatizo nyumbani.

Nimefikiri hivi. Ufunguo wa duka ninao. Ijumaa akitoka kwenda kuchukua fremu nitaingia na kofia ya baba, nitawabadilisha tai, wa baba arudi kwa baba, wake arudi kwake. Baba atamwona tai wake atatulia. Mchumba wangu atajua kuwa nimejua, atashika adabu, hatasema na mimi sitasema, na Jumapili wageni watapokewa kwa amani. Hakuna atakayeaibika. Nikimwanika mbele ya kaka zangu hakuna tena ndoa, na katika umri wangu huu, Shangazi, hakuna mwingine anayekuja kuangalia kofia. Niambie kama nitakuwa nimekosea.

Ni mimi,
Fundi Meno Asiyekalika

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Shuka hapo kwenye friji, vuta kiti, kaa. Barua yako nimeirusha foleni, kuna wenzako watatu wenye waume walevi watanisamehe, maana Jumamosi haingoji mtu.

Nakupa pole, na pole hiyo ni ya kweli. Umepata mwenza ukubwani, mkapata na kitu cha kukaa mkakitazama pamoja, si haba. Watu wengi wameoana na hawana hata kimoja cha kutazama zaidi ya televisheni. Najua unachokiogopa kukipoteza na sikucheki.

Sasa nikugombeze kama ulivyotaka. Huo mpango wako wa Ijumaa ni mbaya kuliko wizi wenyewe. Hebu ufikirie kwa upande wa baba yako. Amebishana na nyinyi kwamba bawa limekatika, mkamwambia ni zima. Akajilazimisha, kwa uchungu, kukubali kuwa ni zima. Halafu Ijumaa jioni anashika kofia yake na bawa limekatika. Hakuna aliyeingia, hakuna aliyesema kitu. Mwanangu, mzee huyo mpaka leo ana akili zake timamu. Ukimfanyia hivyo, Jumamosi kaka yako atamkuta kweli hana. Utakuwa umemaliza kazi ambayo mchumba wako aliianza.

Maana umeandika kurasa nzima kuhusu tai, na tai si kesi. Nyinyi wakusanyaji mna ugonjwa wenu, mnapenda vitu vifanane, na huenda huyo bwana atakuambia alikuwa anasahihisha tu, kwamba yule tai wa zamani anafaa kofia yake kuliko ya mzee, na yule mwingine ni halali ya kofia ya mzee. Huenda hata analiamini. Usibishane naye habari za mbawa, atakushinda, ana lenzi nyingi. Mimi ningemuuliza jambo moja. Siku ile mezani alikuwa anajua. Mzee wa watu anasema ninaona hiki, watoto wake wanamcheka, na mtu pekee aliyejua kuwa mzee anaona sawasawa akaweka kikombe chini akasema ni umri. Na akaendelea kuja, na kula, na kusikia kichwa cha mzee kinavyojadiliwa kama paa linalovuja. Mtu anaweza kuiba kwa tamaa akajuta. Huyu aliona bei ya alichochukua inalipwa na mwenzake, akatulia.

Sasa sikiliza, na hapa itakuuma. Tangu siku ulipomweka tai juu ya kile kivuli, watu wanaojua ukweli ni wawili. Wewe na yeye. Baba yako amekuuliza kama amekunywa chai na kikombe kiko mkononi, nawe unajua ni nini kilichomfikisha hapo, ukamjibu ndiyo baba, umekunywa. Umekaa kwenye kiti kile kile cha mchumba wako. Ndiyo maana miguu haitulii. Si mapenzi hayo wala si mshtuko, ni miguu inayokuambia uinuke kwenye kiti kisicho chako.

Unasema hakuna mwingine atakayekuja kuangalia kofia. Inawezekana, sitakudanganya. Lakini fikiria na wewe utakuwa mzee. Siku moja utasema ndani ya nyumba yako kwamba kitu fulani kilikuwa hapa na sasa hakipo. Utataka aliye karibu yako awe mtu wa namna gani?

Basi fanya hivi. Duka la mtu usiingie kwa siri, ufunguo mrudishie. Nenda kwa baba yako leo, kabla ya kaka, kabla ya mchumba, kabla hujanawa mikono ya kazi. Beba bisibisi. Mpe baba kofia yake na mwache amfungue tai kwa mikono yake, mikono ile ilishona kofia maisha yake yote, haitapasua ngozi. Kivuli akione yeye wa kwanza. Wewe usieleze kitu mpaka aulize.

Kisha mwite huyo bwana, na si pembeni ya chumba wala kwa simu, mbele ya baba. Aje na kofia yake. Tai akae mahali pake, na yeye aseme alichokifanya kwa mdomo wake mwenyewe, kwa mzee, si kwako. Akiomba radhi kwa kuchukua nembo tu, msindikize mlangoni kwa heshima na wageni wa Jumapili uwapigie simu wewe wasihangaike. Akiomba radhi kwa lile neno la mezani, bila wewe kumkumbusha, hapo mna jambo la kuzungumza, lakini Jumapili hii iahirishwe vilevile, na atakayesema kama kuna Jumapili nyingine ni baba.

Kikao cha Jumamosi kifanyike. Kofia iwekwe katikati ya meza bila tai, kivuli kikiwa wazi, na kila aliyecheka siku ile aitazame kwa zamu yake. Wewe uanze.

Ila hayo yote ni ya baadaye. Ukifika pale mlangoni leo utataka kuzunguka, utataka kuuliza kwanza habari za magoti na dawa. Usizunguke. Mzee amekaa na kofia mapajani, hauamini mkono wake, na dawa yake unayo wewe, ni maneno matatu tu. Mwambie, "Baba, uliona sawa."