Seva Iliyokataa Kuwaka

Kaka Shabani,

Hii ni wiki ya saba tangu tukuzike Kisarawe. Sijalia bado. Nakula, nalala, asubuhi natoka Visiga naja ofisini Maili Moja, nakaa. Kiti chako amepewa mtu wa mauzo. Ni mrefu, kila akigeuka magoti yake yanagonga meza.

Jumanne seva ilikataa kuwaka. Ile ya tovuti ambayo zahanati huagizia dawa na chanjo. Nilikuwa nimeongeza moduli mbili za programu, nikaizima vizuri, nikaiwasha. Kimya. Nikawasha tena. Mara nne, Kaka.

Akapiga simu muuguzi wa huko kwenu. "Dada, ukurasa haufunguki, na mwisho wa kuagiza ni saa sita. Chanjo za watoto zimebaki chache mno."

Ilikuwa saa nne na nusu. Nikamjibu, "Nashughulikia," kwa sauti ambayo sikuitambua.

Nilitaka kukupigia. Namba yako sijaifuta. Halafu nikakumbuka ulivyokuwa ukiuondoa mkono wangu kwenye kibodi: "Neema, acha kuilazimisha. Soma imesema nini."

Nikafungua faili la makosa, jambo ambalo ningeanza nalo kama ungekuwepo. Seva ilikuwa imeandika wazi kwamba moduli moja inaitafuta nyingine na haiioni. Seva husoma mipangilio kutoka juu kwenda chini, nami ile inayotegemea nilikuwa nimeiandika juu ya ile inayotegemewa. Mistari miwili tu. Nikaibadilisha nafasi, nikakagua faili lote la mipangilio kabla ya kuwasha, ulivyonifundisha. Ikawaka saa tano na dakika kumi.

Muuguzi akatuma ujumbe: "Imepita. Ahsante dada." Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikaenda kunawa uso, na uso ulikuwa mkavu.

Kaka, msibani mama yako aliniuliza, "Hivi mwanangu alikuwa anafanya kazi gani hasa?" Nikamwambia, "Ya kompyuta, mama." Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kunitazama. Mengine yote ni ganzi. Hilo linaniuma.

Jumamosi nakwenda Kisarawe. Nitakaa naye ukumbini, nimweleze polepole mpaka aelewe kwamba watoto wakichanjwa pale zahanati, kazi ya mwanawe imo. Nakuahidi.

Lala salama, Kaka.

Neema