Nilimuuliza Hali, Akanijibu Alhamdulillahi

Mpendwa Bi Apolinaria, nisaidie kabla ya Alhamisi, maana nina furaha na papo hapo nimeumia, sijui nicheke au nilie! Mimi ni muuguzi hapa Tabora, chumba cha kupimia utumbo mpana, kile kipimo cha mpira wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa kutafuta saratani mapema, na kwa kuwa mgonjwa anakuwa macho, kazi yangu ni kukaa kichwani pake, kumuuliza anajisikiaje na kumwambia daktari tuendelee au tusimame. Basi baba mkubwa Abdulatifu, fundi cherehani wa Kanyenye aliyenilea baada ya baba yangu kufa kwa saratani hiyohiyo, nilimbembeleza weee mpaka akakubali kupimwa, nusura nipige vigelegele! Siku ilipofika nikamshika bega, "Shikamoo baba, hali?" "Marahaba, Alhamdulillahi mwanangu." Mpira ukaingia, nikauliza tena, "Alhamdulillahi," nikamwambia daktari yuko vizuri, songa mbele, kila nikiuliza Alhamdulillahi, mara nikasikia, "Basi mwanangu, nitoeni," jasho linamtiririka, na daktari akasimama nusu ya safari. Nyumbani akaapa harudi ng'o. Sasa leo ametuma ujumbe kwamba Alhamisi anarudi, yaani anarudi Bi Apolinaria, nimeruka jikoni mpaka sufuria ikaanguka! Ila kwa sharti kwamba mimi nisiwemo chumbani. Mimi niliyemshawishi! Je, nimwombe msamaha aniruhusu, au nijipenyeze tu kimyakimya?
Najiat, Kanyenye.

Najiat mwanangu, pole, na hongera pia, maana mzee anarudi! Hilo ndilo kubwa, na umelitaja kama dogo.

Lakini wewe nawe! Umezaliwa wapi? Tangu lini mtu mwenye adabu zake akaulizwa hali akajibu mbaya? Sisi hata msibani tunaanza na "nzuri", ndipo tunasema tumefiwa. Umemwamkia shikamoo, amelala ubavu chini ya shuka, mtoto aliyemlea yuko kichwani pake, ulitaka akwambie nini? Alikujibu kama baba. Wewe ukampelekea daktari kama jibu la mgonjwa. Na hilo si kosa lake hata chembe.

Kujipenyeza? Thubutu! Akikuona tu atabana meno tena, na sehemu ambayo haikuonekana itabaki haijaonekana. Baba yako alikufa kwa nini, umesahau?

Mtafute mwenzako, mwanamume itakuwa bora, asiye na undugu naye. Mwambie asimuulize hali. Aulize, "Inauma? Kidogo au sana? Tusimame?" Atazame uso na vidole vya miguu, na wakubaliane kabla: mzee akimbana mkono, wanasimama, hakuna haja ya kusema neno. Na kesho asubuhi umwambie daktari wazi kwamba safari iliyopita mzee aliumia sana na wewe ulisema yuko vizuri, ili dawa ya maumivu iandaliwe mapema. Utaona aibu. Ione.

Alhamisi vua sare. Kaa kwenye benchi la nje na watoto wa wagonjwa wengine, ungoje mlango ufunguliwe kama wao.
Bi Apolinaria