Kazi Nzima Niliyoiomba kwa Mdomo Wangu

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele.
9 Juni.

Mpendwa Dada,

Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Na watoto je, bado wanagombea kukaa dirishani kwenye gari, au wameshajiona watu wazima? Natumaini barua hii inakukuta mzima na ule mguu wako umepoa. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama anaendelea. Tangu apatwe na kiharusi mkono wa kulia bado mzito, lakini wiki iliyopita alishika kikombe kwa wa kushoto mwenyewe mpaka akamaliza chai, kisha akanitazama kwa maringo utadhani kashinda kombe. Maneno yanamtoka moja moja, ila yakitoka ni makali vilevile kama unavyomjua.

Kabla hujasikia kwa Kaka, nikwambie mwenyewe: nimepata kazi. Ile ajira ya kudumu niliyoisubiri miaka mitano, nikifundisha hesabu kwa mikataba ya muda, sasa ni yangu. Usipige vigelegele kwanza. Soma mpaka mwisho.

Dada, nina wivu. Nakwambia waziwazi maana ni wewe tu ninayeweza kumwambia bila kupamba. Namwonea wivu wifi yetu, mke wa Kaka, mpaka nikisikia kicheko chake darasa la jirani chaki inanikatikia mkononi.

Unajua nilivyo naye tangu zamani. Kaka anambebea mkoba. Mama, kabla hajaugua, alikuwa anamwekea kiti chenye mto, na mimi niliyezaliwa humu ndani nasukumiwa kigoda. Akiandika ubaoni mistari imenyooka, yangu inapanda mlima. Mambo madogo, najua, lakini nimeyabeba miaka yote hii. Basi shule yetu, ambako naye anafundisha kwa mkataba kama mimi, ikatangaza nafasi mbili za walimu wa kudumu, kutwa nzima. Tukaomba wote wawili, mimi hesabu, yeye lugha.

Wiki moja kabla ya usaili akaja hapa na mtoto mgongoni. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Wifi, mimi hiyo kutwa nzima siiwezi, mtoto bado ananyonya. Nataka niwaombe wanipe nusu, asubuhi tu. Unaonaje?"

Nilijua fika, Dada, kwamba mtu akienda kuomba kazi ya kutwa akataka nusu, hata barua yake hawatamaliza kuisoma. Pale shuleni sote tunaamini hivyo, hakuna aliyewahi kujaribu. Ningekuwa na roho nzuri ningemwambia apate kazi kwanza, hayo mengine yafuate. Mimi nikamwambia, "Sema tu, wifi. Tena sema mapema, kabla hujakaa vizuri kitini." Nikamsindikiza mpaka barabarani natabasamu. Ndiye huyo mdogo wako, usishangae.

Siku ya usaili nikatangulia mimi. Nyuma ya meza walikaa watu watatu: mwalimu mkuu, mwalimu wa taaluma anayepanga ratiba, na mama mmoja wa bodi ya shule, miwani inamning'inia kifuani. Nikajimwaga! Nikasema niko tayari asubuhi mpaka jioni, masomo ya ziada niko tayari, hata Jumamosi nikihitajika nipo. Hakuna aliyeniuliza habari za Jumamosi. Niliitoa mwenyewe kama mtu anayegawa karanga. Halafu yule mama wa miwani akaniuliza kwa upole kama kuna jambo lolote la nyumbani ambalo ingefaa walijue kabla ya kupanga ratiba.

Nikasema sina.

Saa hiyohiyo Mama alikuwa kitandani peke yake. Nilikuwa nimemwachia simu na chupa ya chai upande wa mkono wake mzima, na fundi cherehani wa mlango wa pili nimemwomba awe anachungulia. Ndivyo anavyoshinda kila siku nikiwa kazini. Na mimi nikasema sina, tena bila hata kufikiri.

Majibu yalitoka Jumatano. Mimi nimepata kutwa nzima. Wifi amepata nusu. Anaingia saa moja na nusu asubuhi, ikifika saa sita na nusu yuko getini anakwenda zake kwa mwanawe. Na ajira ni ya kudumu vilevile, Dada! Nililisoma lile tangazo ukutani mara tatu. Walimu wenzangu wananipa mkono wa hongera, mimi nameza mate machungu.

Sikuweza kuvumilia. Nikaingia ofisini kwa mwalimu mkuu, nikajifanya nauliza kwa utani tu, imekuwaje mwenzangu akapata asubuhi pekee. Naye akacheka. "Aliomba. Tukakaa tukapiga hesabu ya vipindi, tukaona inawezekana. Hata wewe tungekufikiria, mwalimu, ungesema. Lakini wewe ulitaka mpaka Jumamosi!" Kisha akanikabidhi ratiba yangu mpya. Zamu za mchana za kusimamia wanafunzi wanaojisomea, ambazo wifi hatakuwepo kuzifanya, wamenijazia mimi. Kwa kuwa nilisema nina nafasi.

Hujasikia bado. Alhamisi wifi akaja kunishukuru. Eti kama si mimi kumtia moyo asingethubutu kufungua kinywa. Akanikumbatia, mtoto katikati yetu, akanilowesha bega kwa machozi ya furaha. Ameshawasimulia ndugu wote. Kaka naye kanipigia simu kuniambia kwamba siku hizi nimekuwa mtu wa busara. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mzimamzima. Nikajibu, "Aa, si ndiyo undugu?" Nisingeweza kumwambia kwamba mkewe nilimtuma akafukuzwe.

Ijumaa nikamsomea Mama ratiba. Unajua anavyopenda kuona karatasi zangu za kazi. Nikamwekea juu ya mto, akawa anafuatisha kwa kidole cha mkono wa kushoto, Jumatatu, Jumanne, polepole, mstari kwa mstari, mpaka Jumamosi. Halafu akarudi juu akaanza upya. Nikamuuliza, "Unatafuta nini, Mama?"

Alichukua muda kulipata neno. Akasema, "Mimi."

Dada, nilitoka nikaenda kujifungia bafuni.

Kesho asubuhi nitakwenda tena kwa mwalimu mkuu, safari hii bila utani. Nitamwambia nilidanganya, kwamba ninaye mama mgonjwa nyumbani na naomba kupunguziwa. Anaweza kukataa. Ratiba imeshabandikwa, na wa kulaumiwa ni mimi mwenyewe. Lakini nitaomba.

Na wewe nawe nakuonea wivu, acha nimalize yote leo. Wewe uliondoka. Kila Jumapili unapiga simu, unauliza Mama amelalaje, na majirani wanakusifu kwa kuuliza. Mimi nimemgeuza kitandani tangu alfajiri na hakuna anayeliona hilo. Nimekuwa nikikununia miaka mitatu bila wewe kujua, kwa sababu kila unaponiuliza tunahitaji nini, nakujibu hatuhitaji kitu. Ni kile kile nilichowaambia wale watu watatu mezani. Nilijiambia kwamba nikikuomba utasema una kazi, una watoto, hutaweza. Lakini maneno hayo hujawahi kuyasema wewe. Nilikusemea mimi kichwani mwangu.

Basi nakuomba. Sitaki vitu vya kutumwa. Nataka tugawane Mama, nusu ya mwaka yako, nusu yangu. Uje wewe ukae naye hapa, au tumlete yeye kwako, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo amesema safari anaiweza. Namna tutapanga. Zungumza na shemeji, fikirini kwa nafasi, kisha unijibu. Ukisema huwezi, sema huwezi. Nitanuna kama ilivyo kawaida yangu na nitaendelea. Lakini kuanzia leo, Dada, usiseme hukuombwa.

Msalimie sana shemeji na watoto, mmoja mmoja. Kaka anakusalimu, na wifi pia anakusalimu kwa kile kicheko chake. Fundi cherehani anauliza gauni lako lilikukaa vizuri kiunoni au alilibana. Mama nimemwambia nakuandikia, akaonyesha mlango kwa kidole, nikaelewa anataka uingie.

Mungu akulinde, akupe afya, akusahilishie njia.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kijicho lakini akupendaye,

Kitindamimba